Mwangwi Uliosikika Ukapuuzwa: Rada kutoka Köln hadi Tempe

Kwa Mtanzania aliyefuatilia siasa za miaka ya 2000, neno rada lina harufu ya kashfa. Serikali ilinunua kwa kampuni ya BAE Systems ya Uingereza mtambo wa kuongozea ndege kwa pauni milioni 28, huku Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza hiyohiyo, akiipinga biashara hiyo. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mahakamani kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu, na hatimaye pauni milioni 29.5 zikatolewa kwa ajili ya Watanzania, zikanunua vitabu na madawati ya shule. Katika mabishano yote yale, kiini cha lawama hakikuwa kwamba mtambo unapima vibaya. Watu walihoji bei, walihoji uamuzi, walihoji njia ambazo fedha zilipita.

Nimeianza habari kwa kashfa hiyo kwa sababu, kila ninapoisoma historia ya rada, nakuta jambo lilelile kwa sura nyingine. Siku hizi wanafunzi huuliza kama gari linalojiendesha linaweza kweli kujua umbali na mwendo wa kitu kilicho mbele yake. Jibu ni ndiyo, na kwa usahihi unaomshinda dereva yeyote. Swali hilo lilipatiwa majibu ya msingi kabla babu zetu wengi hawajaliona gari. Kinachostahili kuulizwa ni nani huamua kwamba mwangwi fulani usikilizwe na mwingine utupwe, na anaamua kwa maslahi ya nani.

Mwaka 1842, mjini Prague, mwanafizikia wa Austria Christian Doppler alieleza kwamba wimbi hubadilika kwa anayelipokea kutegemeana na mwendo wa chanzo chake. Yeye alikuwa akiwaza nyota na rangi zake. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Buys Ballot aliijaribu hoja hiyo kwa njia ya kufurahisha: aliwapakia wapiga tarumbeta kwenye behewa la treni karibu na Utrecht, akawaweka wanamuziki wengine wenye masikio mazuri kando ya reli. Treni ilipokaribia, sauti ilisikika juu kuliko ilivyopigwa. Ilipokwenda zake, ikashuka. Kila mkazi wa mjini aliyepitwa na gari la wagonjwa lenye king'ora analijua jambo hili, hata kama hakuwahi kulisikia jina la Doppler. Kisha, kati ya 1886 na 1888, Heinrich Hertz wa Karlsruhe alithibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio na kuonyesha kwamba yakigonga chuma hurudi, kama mwanga unavyorudi kwenye kioo.

Hapo viungo vyote vilikuwa mezani. Aliyevipika wa kwanza alikuwa kijana wa Kijerumani wa miaka 22, Christian Hülsmeyer. Mwezi Mei 1904, mjini Köln, aliwaonyesha watu mtambo aliouita Telemobiloskop: wimbi lilitumwa, likagonga chuma, likarudi, na kengele ikalia. Mwezi uliofuata akaurudia mbele ya wawakilishi wa kampuni za meli huko Rotterdam. Kusudi lake lilikuwa kuzuia meli zisigongane gizani na kwenye ukungu. Naomba msomaji alishike jambo hilo, maana vitabu vingi huanza historia ya rada kwenye vita. Wazo la kwanza lilikuwa la usalama wa vyombo vya usafiri, jambo lilelile tunalolitaka leo barabarani.

Mtambo wa Hülsmeyer haukupima umbali moja kwa moja. Ulisema tu kwamba mbele kuna chuma. Hata hivyo, ulisema kweli. Wenye meli hawakuununua, jeshi la majini la Ujerumani nalo halikuuhitaji, na mvumbuzi akaenda kutafuta riziki katika kazi nyingine. Dunia ilisubiri miaka 31.

Ilisubiri hofu. Mapema mwaka 1935 Wizara ya Anga ya Uingereza, ikiogopa ndege za kutupa mabomu, ilimwuliza Robert Watson-Watt kama inawezekana kutengeneza miale ya redio ya kumdhuru rubani angani. Msaidizi wake, Arnold Wilkins, alipiga hesabu akaona haiwezekani, lakini akaona pia kwamba wimbi likirudi kutoka kwenye ndege linaweza kupokewa. Tarehe 26 Februari walikaa ndani ya gari lenye kipokezi karibu na Daventry, ndege ya jeshi ikapita na kurudi katika mawimbi ya kituo cha matangazo cha BBC, na mwangwi wake ukaonekana kwenye kioo cha mtambo. Miezi michache baadaye walikuwa wakituma wimbi kwa vipande vifupi, na hapo ndipo umbali ulipopimika. Hesabu yake ni nyepesi. Wimbi la redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwangwi ukichelewa sehemu moja ya elfu ya sekunde, wimbi limekwenda na kurudi kilomita 300, basi ndege iko umbali wa kilomita 150. Vita vya angani vya 1940 vilipofika, pwani ya Uingereza ilikuwa na mlolongo wa vituo vilivyofanya hesabu hiyo usiku na mchana. Mwaka huohuo John Randall na Harry Boot, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, walitengeneza magnetroni iliyotoa kwa nguvu mawimbi ya urefu wa sentimita 10 tu, na mtambo uliohitaji minara mikubwa ukaanza kuingia ndani ya ndege.

Sasa tuhamie Hawaii, Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1941. Katika kituo cha rada cha Opana, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, askari wawili wa vyeo vya chini walikuwa wamemaliza zamu yao saa moja kamili asubuhi. Gari la kuwapeleka kwenye kifungua kinywa lilichelewa, wakaendelea kujifunza mtambo. Dakika mbili baadaye waliona mwangwi mkubwa ambao hawajapata kuuona, umbali wa zaidi ya kilomita 200 kaskazini, ukikaribia. Walipiga simu makao makuu. Luteni aliyepokea alikuwa mgeni katika kazi ile, hakufundishwa vya kutosha, na alijua kwamba ndege za Marekani zilitarajiwa kutoka California asubuhi hiyo. Akawaambia wasiwe na wasiwasi. Chini ya saa moja baadaye mabomu ya Japani yalianza kuanguka Pearl Harbor, na Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa.

Rada ya Opana ilipima umbali, ikapima upande, ikafuatilia ndege zile kwa zaidi ya nusu saa. Hakuna mtumishi wa umma anayepaswa kuisoma habari hii bila kusitasita. Mara nyingi mpokea simu ndiye hubebeshwa aibu ya historia, ilhali uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ofisi nzima iliyopaswa kuipokea taarifa ile haikuwa imeundwa ikaundika. Serikali ilikuwa imenunua macho na kusahau kuyaunganisha na mkono.

Baada ya vita rada ilishuka kutoka angani hadi barabarani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 polisi wa jimbo la Connecticut, Marekani, walianza kuitumia kupima mwendo wa magari, na hapa kanuni ya Doppler ilifanya kazi karibu peke yake: masafa ya wimbi linalorudi hulinganishwa na ya lile lililotumwa, na tofauti yao ndiyo mwendo. Watson-Watt mwenyewe, akiwa Kanada katika miaka ya 1950, alisimamishwa na polisi wenye rada akatozwa faini ya mwendo kasi, na inasemekana hakulipokea kimya jambo hilo. Kwetu madereva huviita vifaa vya aina hii tochi, na ijapokuwa vingi vya siku hizi hutumia mwanga wa leza badala ya redio, hofu inayosababisha magari kupunguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa yanapoingia kijijini ni ileile. Rada ya polisi, tuseme, ilikuwa chombo cha dola kumtazama raia. Rada ya gari ilikuja na ahadi tofauti, kwamba chombo kitamtazamia raia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz iliweka kwenye gari lake la kifahari rada ya masafa ya gigahezi 77. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa karibu milimita 4, hivyo antena yake ni ndogo na hufichwa nyuma ya nembo ya gari au ndani ya bampa. Kazi yake ilikuwa moja: dereva akichagua mwendo katika barabara kuu, gari lifuate lililo mbele, lipunguze likipunguza, liongeze likiongeza. Asili hiyo ina matokeo tutakayoyaona.

Gari haliwezi kupima kama vituo vya 1940 vilivyopima. Mtu aliye mita 30 mbele hurudisha mwangwi ndani ya sehemu moja ya tano ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, na kuukamata muda huo kwa kipande kifupi cha wimbi kunahitaji vifaa ghali. Wahandisi walichukua njia nyingine. Mfikirie mpiga zumari anayepandisha sauti bila kukatisha, kutoka chini kwenda juu. Mwangwi wa sauti aliyoitoa kitambo ukimrudia, humkuta yeye ameshafika juu zaidi. Tofauti kati ya sauti anayoipiga sasa na ile inayomrudia hukua kadiri ukuta ulivyo mbali. Rada ya gari hufanya hivyohivyo kwa redio. Tuseme inapandisha masafa yake kwa megahezi 30 katika kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kitu kikiwa mita 75 mbele, wimbi hutembea mita 150 kwenda na kurudi, ambazo huchukua nusu ya muda huo, na mtambo unakuwa umepanda megahezi 15. Ukipima tofauti ya megahezi 15, umepima mita 75. Saa haikuhitajika.

Kwa mwendo, mtambo huurudia mpando huo mara nyingi mfululizo, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kutazama wimbi linarudi likiwa katika hatua gani ya mtetemo wake. Kitu kikisogea milimita 1 tu kuelekea gari, safari ya kwenda na kurudi hupungua milimita 2, yaani karibu nusu ya wimbi zima, na badiliko hilo linaonekana wazi. Kwa sababu hiyo rada hupima mwendo moja kwa moja, wakati kamera hulazimika kuukisia kwa kulinganisha picha na picha. Tena haijali giza, na ukungu au vumbi haliisumbui sana. Kwa barabara zetu hiyo si sifa ndogo.

Ina udhaifu wake pia. Hupima mwendo wa kukaribia au kuondoka tu. Mtu anayekatiza barabara mbele ya gari hakaribii wala haondoki kwa miguu yake mwenyewe. Rada humwona akija kwa mwendo wa gari lenyewe, kama vile inavyouona mti, kibao cha barabarani, daraja la juu au mfuniko wa chuma wa mtaro. Isitoshe, mwili wa mtu hurudisha wimbi kidogo sana ukilinganisha na bati la lori, na umbali ukiongezeka mara mbili nguvu ya mwangwi hushuka mara 16. Rada nyingi za kwanza hazikuweza hata kutofautisha kilicho juu ya barabara na kilicho juu ya lami. Kama gari lingefunga breki kwa kila mwangwi wa kitu kisichotembea, lisingefika popote, na abiria angelirudisha dukani siku ya pili. Watengenezaji wakaamua: katika kumfuata aliye mbele, vitu vilivyosimama vipuuzwe, au vipewe uzito mdogo. Uamuzi huo una mantiki, sikatai, lakini ni uamuzi wa watu, wenye bei na wenye soko, na mwendesha baiskeli hakuombwa maoni.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, mwanamke aliyekuwa akikokota baiskeli alivuka barabara mahali pasipo na kivuko. Gari la majaribio la Uber, aina ya Volvo, lilikuwa likijiendesha kwa mwendo wa takribani kilomita 70 kwa saa. Ripoti ya bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, iliyokamilishwa Novemba 2019, inaeleza yaliyotokea ndani ya kompyuta. Rada ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kwa mwendo ule hizo ni zaidi ya mita 100, nafasi ya kusimama na kubakiza.

Mfumo ulimwita gari. Kisha vipimo vya leza vikamwona, ukamwita kitu kisichojulikana, ukarudi kumwita gari, baadaye baiskeli. Kila jina lilipobadilika, kumbukumbu ya alikotoka ilifutwa, na kompyuta ikaanza upya kukisia anakokwenda. Haikumwita mtembea kwa miguu hata mara moja, kwa sababu waliouandika mfumo hawakuweka uwezekano wa mtu kuvuka pasipo na kivuko. Ilipobaki sekunde 1.2 ndipo hatari ilipotambuliwa, na hapo ikaingia kanuni nyingine iliyoandikwa makusudi: ngoja sekunde 1 kwanza, gari lisije likafunga breki kwa kengele ya uongo. Breki ya dharura ambayo Volvo walikuwa wameiweka kiwandani ilizimwa kila kompyuta ya Uber iliposhika usukani. Miezi michache kabla, kampuni ilikuwa imepunguza waangalizi ndani ya gari kutoka wawili hadi mmoja, na huyo mmoja alikuwa akitazama simu.

Mwanamke yule alifariki. Katika Opana luteni alidhani ni ndege za kwao. Katika Tempe msimbo ulidhani kila kitu isipokuwa binadamu. Tofauti yao kubwa ni kwamba luteni alikosea papo hapo, kwa haraka, akiwa amepokea simu, wakati dhana ya Tempe iliandikwa mchana, ofisini, na watu waliokuwa na muda wa kuifikiria.

Ulipofika wakati wa kuwajibika, mambo yalikwenda kwa mkondo tunaoufahamu. Machi 2019 mwendesha mashtaka alitangaza kwamba haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwaka 2020 mwangalizi wa gari alishtakiwa, na mwishoni mwa mwaka huo Uber ikauza kitengo chake cha magari hayo kwa kampuni ya Aurora. Mwaka 2023 mwangalizi alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 ya uangalizi wa mahakama. Bodi iliyochunguza ilimlaumu yeye, ikailaumu kampuni kwa utamaduni mbovu wa usalama, na ikalitaja pia jimbo la Arizona kwa usimamizi hafifu. Gavana wake alikuwa ameufungua mlango kwa amri ya mwaka 2015, akiyakaribisha majaribio barabarani. Kwa lugha ya ofisi zetu, waliweka mazingira wezeshi ya uwekezaji.

Wapo watakaosema haya ni ya Marekani, na kwamba gari linalojiendesha halitaonekana Barabara ya Morogoro leo wala kesho. Nakubali nusu. Mfumo unaoamini kwamba mtembea kwa miguu yupo pale tu palipochorwa pundamilia ungewafuta uraia wakazi wengi wa Kibaha na Chalinze, pamoja na wauza mahindi, wachunga ng'ombe na wasukuma mikokoteni. Lakini rada yenyewe imekwisha kuja. Magari mengi tunayonunua yakiwa yametumika huko Japani sasa yana kifaa hicho kwenye bampa au nyuma ya nembo, kwa ajili ya breki ya dharura na ya kufuata gari la mbele. Mwaka 2024 Marekani ilipitisha kanuni inayotaka magari mapya madogo yaweze kujifungia breki yakimkuta mtembea kwa miguu, mchana na usiku, ifikapo Septemba 2029. Kwa hiyo vifaa hivi vitazidi kuwa vya kawaida, navyo vitatufikia vikiwa mitumba kama vilivyotutangulia vingine.

Gari hilo likigongwa kidogo Tabata, bampa hupelekwa kwa fundi, likanyooshwa, likapigwa plasta na rangi, na wakati mwingine likafungiwa ngao ya chuma kwa mbele. Chuma mbele ya rada huizuia au kuipotosha. Kifaa kikirudishwa kikiwa kimepinda digrii 1 tu, umbali wa mita 100 kinaelekea mita 1.7 pembeni, ambayo ni karibu nusu ya upana wa njia moja ya barabara kuu: aliye mbele yako husomwa kama aliye pembeni, na aliye pembeni kama aliye mbele. Dereva hataona tofauti yoyote, maana taa ya kwenye dashibodi inaweza kubaki kimya. Fundi hana kifaa cha kukirekebisha, wala hakuna aliyemwambia kwamba nyuma ya ile nembo aliyoibandika kwa gundi kuna chombo kinachopima.